Mali Bila Daftari: Njia ya Kifaa cha Matibabu cha Thika na Ruiru Kufika Soko la Ulaya

Hotuba kwa mafundi, wenye viwanda vidogo na vijana wabunifu



Thika imejulikana kwa viwanda tangu zamani, hata wako wanaoiita Birmingham ya Kenya. Ruiru nayo imekua mji wa karakana na maghala. Ukifuata barabara kuu kati ya miji hii miwili utakuta vyuma vikichomelewa, nguo zikishonwa na plastiki ikimiminwa katika kalibu. Katikati, pale Juja, kuna Chuo Kikuu cha JKUAT, ambako vijana huunda mashine na programu za simu. Vitu vingi vinavyotoka mikononi mwa watu hawa vinaweza kumfaa mgonjwa: kitanda cha hospitali, kiti cha magurudumu, magongo, bendeji, barakoa, mkasi wa daktari. Swali la leo ni hili: je, kitu kama hicho kinaweza kuuzwa Ulaya, na kinahitaji nini ili kiingie huko?

Chukueni mfano wa fundi wa Ruiru mwenye karakana ya watu sita. Anatengeneza viti vya magurudumu. Siku moja mnunuzi wa Ujerumani anaona picha za viti hivyo na kuuliza kama anaweza kupata 200. Kabla hata ya kutaja bei, anauliza, "Je, vina alama ya CE?" Fundi hajui. Jioni hiyo hiyo unaingia ujumbe mwingine kwenye simu. Wakala asiyemjua anamwahidi cheti cha CE kwa wiki mbili. Alipe nusu sasa, nusu cheti kikifika. Fundi ana akiba kwenye SACCO na anaweza kukopa juu yake. Akilipa, huenda akapoteza akiba ya miaka mingi. Akikataa, anaogopa mnunuzi atakwenda kwa mwingine.

Jibu fupi ni kwamba asilipe. Sababu zake ndizo zitakazoelezwa hapa.

Ushuru umeondoka, sheria imebaki

Kenya na Umoja wa Ulaya zilitia sahihi Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi jijini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba huo ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kwa mkataba huo, bidhaa zinazotimiza kanuni za kuthibitisha kwamba zimetengenezwa Kenya huingia katika nchi 27 za Umoja huo bila ushuru wa forodha na bila kikomo cha kiasi, isipokuwa silaha. Soko hilo lina watu karibu milioni 450.

Wengi walisikia habari hiyo wakadhani kila mlango umefunguliwa. Mkataba uliondoa ushuru. Haukuondoa sheria za usalama wa bidhaa.

Wakulima wa kaunti hii walishalijua jambo hili. Mwaka 2013 Ulaya iliongeza ukaguzi wa maharagwe ya kijani kutoka Kenya kwa sababu baadhi yake yalikutwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu kupita kiwango. Maharagwe hayakuzuiwa na ushuru. Yalizuiwa na maswali: nani alipuliza dawa, dawa gani, siku gani? Mkulima aliyekuwa na daftari alijibu. Asiye nalo alibaki na mzigo wake. Katika vifaa vya matibabu mambo ni hayo hayo, ila maswali ni mengi zaidi.

Alama ya CE maana yake nini

Herufi mbili za CE kwenye kifaa ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Anapoziweka anasema, kwa jina lake na sahihi yake, kwamba kifaa hiki kinatimiza sheria za Ulaya na kwamba yeye atawajibika kikimdhuru mtu. Sheria yenyewe ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745. Ilipitishwa tarehe 5 Aprili 2017 na ikaanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, mwaka mmoja baadaye kuliko ilivyopangwa, kwa sababu ya Korona. Vifaa vya kupimia damu, mkojo na sampuli nyingine za mwili vina kanuni yao, namba 2017/746, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2022.

Sheria hizi zina historia ya uchungu. Mwaka 2010 iligunduliwa nchini Ufaransa kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ilikuwa ikitengeneza matiti bandia kwa silikoni ya viwandani badala ya ile iliyokubaliwa kwa matumizi ya mwilini. Wanawake wa nchi nyingi walikuwa wameshawekewa, na bidhaa hiyo ilikuwa na alama ya CE. Mwanzilishi wa kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Baada ya hapo Ulaya iliamua kuukaza mkono. Anayeona masharti haya kuwa mazito akumbuke wanawake wale.

Vifaa vimegawanywa katika madaraja manne kulingana na hatari yake kwa mgonjwa.

Daraja la I ni la hatari ndogo: kiti cha magurudumu cha kusukumwa kwa mkono, magongo, kitanda cha hospitali, bendeji ya kawaida, barakoa ya daktari isiyotakaswa.

Daraja la IIa lina sindano za kuchomea na vipimajoto vya umeme. Programu ya simu inayomsaidia daktari kutambua ugonjwa huanzia daraja hili, na huweza kupanda zaidi kosa lake likiweza kumwumiza mtu vibaya. Vijana wa Juja walizingatie hilo mapema, kwa maana programu nayo huhesabiwa kuwa kifaa.

Daraja la IIb lina mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua. Daraja la III ni la vitu kama vali za moyo.

Sasa turudi kwa fundi wa Ruiru. Kiti chake ni cha daraja la I. Kwa daraja hilo sheria haimtaki aende kwa shirika lolote la nje kutafuta cheti. Mtengenezaji hukamilisha kazi yake, huandika tamko la ulinganifu, hutia sahihi na kuweka alama. Kwa hiyo yule wakala anauza karatasi ambayo sheria haiiombi wala haiitambui. Fundi akiinunua, atakuwa ametoa fedha zake na bado hana kitu cha kumwonyesha mnunuzi.

Kuna vifaa vya daraja la I ambavyo haviingii katika unafuu huo: vinavyouzwa vikiwa vimetakaswa, vyenye kazi ya kupima, na vyombo vya upasuaji vinavyotumika tena na tena, kama mikasi na koleo. Hivi, pamoja na vyote vya daraja la IIa kwenda juu, lazima vikaguliwe na shirika lililoteuliwa na serikali ya nchi ya Ulaya kwa kazi hiyo. Mashirika yaliyoteuliwa chini ya kanuni ya 2017/745 ni machache, kama 50 hivi, na kila moja lina namba ya tarakimu nne. Namba hiyo huandikwa karibu na herufi CE. Orodha yao iko wazi kwenye intaneti katika daftari la Tume ya Ulaya liitwalo NANDO, na kuisoma hakulipiwi chochote. Mtu akidai kutoa cheti, mwulizeni namba yake na mkaitafute humo. Mwaka 2020, barakoa zilipoadimika duniani, vyeti vingi vya CE vilizagaa sokoni vikiwa vimetolewa na watu wasio na mamlaka hayo, na mizigo ikakataliwa.

Daftari la karakana

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hata kifaa cha daraja la I, kisichohitaji mkaguzi wa nje, lazima kiwe na jalada kamili la maelezo. Mamlaka ya nchi yoyote ya Ulaya inaweza kulidai wakati wowote. Lisipopatikana, bidhaa huondolewa sokoni.

Jalada huanza na swali rahisi: kifaa hiki ni cha nani na cha kazi gani? Kiti ni cha mtu mzima au mtoto? Cha ndani ya nyumba au cha barabara ya vumbi? Mwisho wa uzito ni kilo ngapi? Majibu haya ndiyo yanayoamua daraja, majaribio na maneno ya kwenye lebo.

Kisha huja michoro na orodha ya malighafi. Bomba la chuma ni la unene gani na limenunuliwa kwa nani? Rangi ni ipi? Kitambaa kinachogusa ngozi ya mtu anayekaa kutwa kimepimwa kwamba hakidhuru ngozi? Hapa ndipo karakana nyingi hukwama. Leo bomba linanunuliwa duka hili, kesho duka lile kwa kuwa bei imepungua kidogo, na hakuna anayeandika. Kiti cha Januari na kiti cha Juni vinafanana kwa macho, lakini si kiti kile kile.

Baada ya hapo ni hesabu ya hatari. Fundi na wenzake hukaa wakaandika kila jambo baya linaloweza kutokea: breki ikiachia kwenye mteremko, kidole kikibanwa kwenye spoki, kiti kikipinduka nyuma. Kwa kila hatari wanaandika walichofanya kuipunguza na hatari iliyobaki. Kiwango cha kimataifa kinachoongoza kazi hiyo ni ISO 14971.

Majaribio hufuata. Kwa viti vya kusukumwa kwa mkono, Ulaya hutumia kiwango cha EN 12183, na njia za kupima zimo katika mfululizo wa ISO 7176. Katika jaribio moja, kiti hubebeshwa uzito kama wa mtu, kikaendeshwa juu ya ngoma mbili zenye vizuizi mpaka zizunguke mara 200,000. Halafu huangushwa mara 6,666 kutoka kimo cha milimita 50, kama vile mtu anavyoshuka ukingo wa barabara. Fundi anayejua kwamba kiti chake kitapita hapo huchomelea kwa namna nyingine kabisa. Na mtoto wa Joytown, shule ya Thika ya wanafunzi wenye ulemavu wa viungo, angefaidika na uchomeleaji huo hata kama kiti hicho kisingeiona Ulaya.

Jalada pia lina tathmini ya kitabibu, yaani ushahidi kwamba kifaa kinafanya kazi kwa binadamu kama kinavyodaiwa. Kwa kiti au gongo, ushahidi mwingi hutokana na yaliyokwisha kuandikwa na wataalamu na na uzoefu wa watumiaji. Kwa vifaa vya madaraja ya juu, utafiti kwa wagonjwa huweza kuhitajika, na huo una sheria zake za maadili na idhini.

Juu ya yote kuna utaratibu wa ubora: nani anaruhusiwa kubadili mchoro, nani anakagua kabla ya kiti kutoka, malalamiko yanaandikwa wapi, kila kiti kina namba gani. Kiwango kinachotumiwa zaidi ni ISO 13485 cha mwaka 2016. Jalada lote hutunzwa angalau miaka 10 tangu kifaa cha mwisho kuuzwa, na miaka 15 kwa vifaa vinavyopandikizwa mwilini.

Watu wa kushirikiana nao

Mtengenezaji aliye nje ya Umoja wa Ulaya hawezi kuuza huko peke yake. Lazima awe na mwakilishi aliyeidhinishwa ndani ya Umoja huo, kwa mkataba wa maandishi. Jina na anwani ya mwakilishi huwekwa kwenye lebo. Mwakilishi huyo hubeba dhima ya kisheria pamoja na mtengenezaji kifaa kibovu kikimdhuru mtu, kwa hiyo mwakilishi wa kweli huomba kuliona jalada kabla ya kukubali. Anayekubali bila kuuliza chochote ni wa kutiliwa shaka.

Wa pili ni mwagizaji, yaani yule mnunuzi wa Ujerumani. Naye sheria inamtaka ahakikishe kwamba alama, tamko, lebo na mwakilishi vipo. Ndiyo maana alianza kwa swali la CE.

Wa tatu ni mtaalamu wa kusimamia ufuataji wa sheria. Anahitaji shahada inayofaa na uzoefu wa mwaka mmoja katika kazi hiyo, au uzoefu wa miaka minne. Kampuni yenye wafanyakazi wasiofika 50 hailazimiki kumwajiri ndani, mradi iwe na mkataba naye wa kupatikana kila wakati. Hapa mafundi wanaweza kusaidiana. Karakana tatu au nne zikiungana kwa utaratibu ule ule wa chama unaojulikana kila mtaa wa Makongeni na Ruiru, mzigo wa gharama unagawanyika.

Kisha kuna namba ya utambulisho ya kila kifaa, inayowekwa kwenye lebo kwa alama za mistari. Namba za mfumo wa GS1, unaotumika pia kwa bidhaa za dukani, zinakubaliwa, na GS1 Kenya ipo Nairobi. Mtengenezaji na kifaa chake huandikishwa katika hifadhidata ya Ulaya iitwayo EUDAMED. Maelezo ya matumizi lazima yawe katika lugha inayotakiwa na nchi ya mnunuzi, Kijerumani kwa Ujerumani, Kifaransa kwa Ufaransa. Uingereza imekwisha kutoka katika Umoja huo na ina usajili wake na mwakilishi wake, kwa hiyo anayelenga London aulize upya.

Baada ya kuuza

Kazi haiishi kontena linapoondoka. Mtu akiumia vibaya kwa sababu ya kifaa, mtengenezaji ana siku zisizozidi 15 za kuripoti kwa mamlaka. Ikiwa kuna kifo, ni siku 10. Ikiwa ni hatari kubwa kwa afya ya umma, ni siku 2. Siku hizo huhesabiwa tangu alipopata habari. Asiyejua kiti namba fulani kilitengenezwa lini na kwa bomba gani hawezi kujibu ndani ya muda huo. Atalazimika kuviita vyote 200 virudi.

Kuanza nyumbani

Hapa Kenya, vifaa vya matibabu husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, inayojulikana kama PPB, ambayo nayo huvigawa katika madaraja manne, A hadi D. Shirika la KEBS husimamia viwango, na nakala za viwango hupatikana kwake. Jalada linaloandaliwa kwa PPB lina mambo mengi yanayofanana na la Ulaya, kwa hiyo kazi ya nyumbani haipotei.

Mwezi Aprili 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, majirani wa Ruiru, waliunda mashine ya kupumulia waliyoiita Tiba Vent. Nchi ilifurahi. Ikaonekana pia kwamba kuunda mashine na kuruhusiwa kuiunganisha na mgonjwa ni hatua mbili, na ya pili ina majaribio na ukaguzi wake. Kilifi nako kuna kiwanda cha Revital Healthcare kinachotengeneza sindano zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, ambazo zimepata kibali cha Shirika la Afya Duniani. Kibali hicho si alama ya CE, lakini kinaonyesha kwamba kiwanda cha Kenya kinaweza kukaguliwa kwa vipimo vya dunia na kupita.

Njia hii haina mkato, na haimfai kila mtu. Kwa karakana nyingine, hospitali za Thika na Ruiru na nchi jirani ni soko la kutosha kwa sasa. Fundi wa mfano wetu anaweza kumjibu mnunuzi ukweli: kiti ni cha daraja la I, jalada linaandaliwa, majaribio yatafanywa, na mwakilishi atatafutwa baada ya hapo. Mnunuzi wa kweli huelewa jibu hilo kuliko cheti cha wiki mbili. Akiba ya SACCO ibaki mahali pake mpaka ipatikane kazi ya kweli ya kuilipia, kama majaribio na mwakilishi.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, fundi huyo anunue daftari gumu. Kila kiti akipe namba. Aandike tarehe, bomba lilikotoka, aliyechomelea, aliyekagua na mteja aliyekichukua. Kiti kikirudishwa, aandike kimevunjikia wapi. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kurasa ambazo hakuna wakala anayeweza kumwuzia, na kila jalada litakaloandikwa, la PPB au la Ulaya, litaanzia humo.